Mwenye uchungu asiachwe peke yake leba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowapokea wanawake wanaokuja kujifungua. Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka binti yangu, mimba ya kwanza, katika hospitali moja hapa mkoani Dodoma. Nilizuiwa mlangoni, naye akaingia leba peke yake, akalazwa chali na kuambiwa atulie. Nilikaa kwenye benchi na chupa ya uji wa uwele hadi ukapoa, nikisikia vilio nisijue kipi ni chake.

Mwezi uliopita alijifungulia zahanati ya kijijini kwetu, wilayani Kongwa, na mkunga wa zamu akaniruhusu niingie. Binti alitembea, akachuchumaa. Uchungu ulipokaza alishika nondo za dirisha akiyumbisha kiuno huku nikimkanda mgongo kwa ngumi, na ulipoachia akanywa uji mafunda mawili matatu. Mkunga alipita kila mara, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akaandika, akamsemesha kwa sauti ya chini.

Huko si kudekezana. Hofu huufanya mwili utoe adrenalini, nayo huweza kuizuia oksitosini, homoni inayosukuma uchungu, hivyo aliyetishwa anaweza kukawia zaidi kujifungua. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linataka kila mzazi awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, na asiye na hatari kubwa aruhusiwe kutembea, kula na kunywa. Chati yake ya kufuatilia uchungu ya mwaka 2020 ina hata mahali pa kujaza kama mzazi ana mtu wake, kama amekunywa, na yuko katika mkao gani.

Sisemi turudi kuzalia nyumbani. Dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, ambazo sisi kina bibi tunapenda kuzificha kwenye pindo la khanga, zinaweza kupasua kizazi, na damu ikianza kumwagika, mimi sina sindano wala gari la wagonjwa.

Najua nitajibiwa kwamba vitanda vya leba vimebanana na wazazi wengine wanahitaji faragha. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni waya na pazia kati ya kitanda na kitanda. Ikiwa bajeti ya kituo haitoshi, tuambiwe, khanga tunazo.

Bibi wa wajukuu wawili,
Kongwa, Dodoma.