Haidrojeni ya kiwanda cha klorini isiachwe ipotee hewani

Mhariri,

Kiwanda kinachopitisha umeme kwenye maji ya chumvi kupata klorini na kostiki soda hutoa pia haidrojeni, kilo 28 hivi kwa kila tani ya klorini. Ikichomwa kwenye boila huokoa lita 90 hivi za dizeli. Si haba, lakini Mwanza, penye mafuta ya mbegu za pamba, kuna faida kubwa zaidi: kuitumia kuyagandisha mafuta hayo kwa ajili ya sabuni.

Mafuta hupashwa hadi nyuzi 180, huchanganywa na unga wa nikeli kama kichocheo, kisha gesi hupulizwa kutokea chini huku yakikorogwa. Gesi ioshwe na kukaushwa kwanza. Klorini kidogo tu huiharibu nikeli, mafuta yakabaki majimaji. Mabomba yasafishwe kwa naitrojeni kabla ya kuanza, na paa liwe na matundu juu kabisa, maana haidrojeni hujikusanya chini ya bati na cheche moja yatosha.

Mtambo wa kugandisha mafuta ujengwe ukuta kwa ukuta na kiwanda cha klorini. Mtungi wa chuma wa lita 50, mzito kuliko mfuko wa saruji, hubeba chini ya kilo moja ya gesi hii kwa shinikizo la baa 200. Nauli itameza faida yote.

Msomaji,
Nyakato, Mwanza