Neves mmemsifia sawa, ila Renato mmemuonea

Mhariri za kazi,

Kurasa zenu za michezo nazisoma kila siku, siku ambayo mfuko umekauka nasoma gazeti la kinyozi jirani, kwahiyo msinione nimekuja kulalamika tu. Makala yenu ya juzi kuhusu João Neves, yule kiungo Mreno wa PSG ya Paris, imekaa vizuri na dogo anastahili. Kilichonikera ni kile kisanduku cha pembeni, mmepanga majina ya Wareno waliouzwa pesa ndefu wakiwa bado wadogo alafu juu yake mkaandika MAGALASA, na jina la kwanza kabisa ni kiungo Renato Sanches. Hapo hapana mhariri, hapo mmemuonea mtoto wa watu.

Tuanze na huyo Neves mana simpingi. Katoka Tavira, kule Algarve kusini kabisa mwa Ureno, Benfica ya Lisbon wakampa mechi ya kwanza ya wakubwa Desemba 2022 wakipigwa 3-0 na Braga, yani hata mwanzo wenyewe haukuwa wa kujisifia. Miezi mitano mbele yuko nyumbani kwa Sporting, dakika za nyongeza, Benfica wako nyuma 2-1, anasawazisha, na wiki iliyofuata Benfica wakabeba ubingwa. PSG wakamchukua Agosti 2024 kwa karibu euro milioni 60, mechi ya kwanza ya ligi na Le Havre kaingia toka benchi katoa asisti mbili. Na zile tiktaka mbili alizowapiga Toulouse Agosti 2025 mechi moja, mimi niliangalia marudio mpaka bando ikakata. Hata siku alipomvuta Cucurella nywele kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu akala nyekundu nilicheka tu, nikasema kumbe na yeye ni binadamu.

Sasa mhariri kuna kitu makala yenu imekiruka, na ndio hicho kimenifanya nishike simu niandike. Katika dili lile lile la Agosti 2024 la Neves kwenda Paris, PSG waliwapelekea Benfica mchezaji kwa mkopo. Nani? Renato Sanches. Mmoja anapanda mwingine anashuka, wote wametoka shimo moja la Benfica. Mngeanzia hapo mngeandika kitu cha maana kuliko kile kisanduku.

Renato alianzia Águias da Musgueira, timu ya mtaani Lisbon, Benfica walivyomchukua akiwa na miaka minane wanasema timu ile ililipwa euro 750 na mipira 25. Mipira 25! Kakua, msimu wa 2015-16 kacheza mechi 24 za ligi, na ligi yenyewe haijaisha tayari Bayern Munich ya Ujerumani wametangaza wamemnunua kwa euro milioni 35. Ana miaka 18. Mechi 24 hizo ndugu yangu, hata fundi pikipiki wa hapa kwetu hamwachii mwanafunzi wake afungue injini baada ya wiki 24.

Alafu Euro 2016, kombe la mataifa ya Ulaya. Mimi ile fainali ya Ureno na Ufaransa niliangalia kibanda umiza, shilingi mia tano, benchi limejaa mpaka mtu anakalia paja la mwenzie. Robo fainali dogo alishawatungua Poland, pasi ya kisigino ya mwenzake anayeitwa Nani akapiga kwa mguu wa kushoto, na kwenye matuta akafata nyuma ya Ronaldo akafunga kama anacheza na wadogo zake. Fainali yenyewe Ronaldo katolewa analia, Renato na rasta zake anakimbizana na kina Pogba, dakika ya 79, saa zetu ilikuwa kama saa tano na nusu usiku, kibao kinainuliwa anatoka Renato anaingia Eder. Kibanda kizima tukazomea. Huyo Eder ndio nani, si ndio yule aliyeshindwa Swansea kule Ligi Kuu ya England akapelekwa Lille ya Ufaransa? Dakika ya 109 huyo huyo Eder akafunga na sisi sisi tuliozomea tukashangilia mpaka mwenye kibanda akazima tivii tutulie.

Sasa angalia maajabu. Baada ya mwaka mmoja wa kusugua benchi Bayern, Renato naye kapelekwa Swansea kwa mkopo, kashindwa, na baadae kaenda Lille. Njia ile ile ya mtu aliyempisha uwanjani. Ingekuwa filamu tungesema wametunga.

Mnaposema galasa mnaangalia bei na magoli basi. Mimi naangalia mtu kafikia nyumba gani. Renato kafika Munich miaka 18, viungo waliokuwepo ni Xabi Alonso, Vidal, Thiago, Kimmich, hao wote wanagombea nafasi na kocha anatakiwa kushinda kila wiki, nani atamlea mtoto? Mechi 17 za ligi, nyingi kaingia dakika za mwisho, bao hata moja hana. Neves kafika Paris kakuta Wareno wenzake, kakuta Vitinha, kakuta Nuno Mendes, kakuta Gonçalo Ramos, hata mshauri wa usajili Luis Campos ni Mreno, kocha anataka mpira wa pasi fupi fupi ambao ndio anaoujua. Umri wao siku ya kuuzwa haujapishana ata miaka miwili. Na bado mpira una kejeli zake, mwaka 2025 Neves kabeba Ligi ya Mabingwa na PSG na Ligi ya Mataifa na Ureno ndani ya siku tisa, yote mawili uwanja wa Bayern, pale pale Renato alipokuwa anavaa bibu na kupasha misuli pembeni.

Najua mtaniambia majeraha. Ni kweli, sikatai, misuli ya Renato imekuwa kama kamba ya mtumba, Roma chini ya Mourinho kuna mechi kaingia mapumziko alafu katolewa tena kabla ya mwisho, inauma kuangalia. Na ile pasi aliyoipiga kwenye bango la matangazo akiwa Swansea wanacheza na Chelsea, nayo ipo, kila mwaka mnaiposti. Ila mbona Lille wakibeba ubingwa 2021 kwa pointi moja mbele ya PSG hamkuposti Renato akiwa katikati? Na huyo huyo Campos aliyemleta Lille ndio akaenda kumchukua tena PSG 2022. Mtu wa kazi yake hanunui galasa mara mbili.

Kama kuna mtu hapo ofisini hajaona, aitafute Benfica na Bayern ya Septemba 2018, mechi ya Lisbon. Renato, akiwa Bayern, anaanzisha shambulizi mwenyewe kutoka upande wao wa uwanja, anakimbia uwanja mzima, anamalizia mwenyewe. Alafu hashangilii. Anainua mikono kama anaomba msamaha, na jukwaa la Benfica, timu iliyofungwa, nyumbani kwao, linasimama kumpigia makofi. Galasa hapigiwi makofi na aliyemfunga.

Kwahiyo naomba mkitoe kile kisanduku kwenye mtandao wenu. Na mkiwa mnarekebisha, picha kubwa mliyoweka juu ya makala sio Neves. Neves anavaa 87. Huyo mwenye 17 ni Vitinha.

Msomaji wenu, Tanga