Majaribu, kishawishi au tamaa?

Sinza, Dar es Salaam
14 Machi

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Rasimu ya kijarida cha kikoba chenu nimeisoma yote. Hesabu za hisa na mikopo sina neno nazo. Kinachonikera ni "majaribu". Umeliandika mara 11, na mara nyingi si mahali pake.

Najua limeingiaje. Kwenye kikundi mna Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na kila mmoja kakuletea la kanisani kwake. Mlutheri anasali "usitutie majaribuni", kama ilivyo kwenye Biblia ya Union Version ya 1952. Mkatoliki wa mlango wa pili, sala ileile, anasema "usitutie katika kishawishi". Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja, peirasmos, linalobeba kupimwa na kuvutwa kwa pamoja. Kiswahili kimezigawa maana hizo, ikabidi kila upande uchague lake. Ila ukishatoka kanisani ukafika sokoni, maneno hayo mawili hayaazimani nafasi.

Jaribu ni dhiki inayomfika mtu ikampima. Kafiwa, kibanda kimeungua, mtoto amelazwa Muhimbili mwezi wa pili: watu watasema yuko kwenye majaribu, nyinyi Waislamu mtasema ni mtihani wa Mola. Hapo hakuna anayemvuta afanye lolote. Kishawishi ni kile kitu chenyewe kinachovuta. Sasa soma sentensi yako ya ukurasa wa pili: "Mweka hazina aepuke majaribu ya fedha za kikundi." Mama wa Mbagala atadhani fedha zimemletea mweka hazina balaa. Weka "vishawishi". Au liache neno kabisa, uandike kinachotakiwa kufanyika: fedha zikae kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo tatu ziwe kwa watu watatu, na mwenye sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Msomaji atajua unakwepa nini bila kuambiwa.

Kitenzi nacho kina hatari yake. Pale ulipoandika "pesa zikikujaribu", mtu atacheka. Kwa Kiswahili cha hapa mjini, "usinijaribu" ni kauli ya mtu anayekaribia kupiga. Kitu kinachokuvuta kwa uzuri wake kinakutamanisha. Jirani anayepita na sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka anaambiwa "usinitamanishe bwana". Akiambiwa "usinijaribu", ataiweka sahani chini aulize kosa lake. Na "majaribio" usiyaguse kabisa, hayo ni ya maabara na ya mfanyakazi mpya.

Shawishi ni ndugu wa tashwishi. Yote mawili yametoka kwenye neno la Kiarabu la kuvuruga. Uvurugaji wenyewe umeshapungua makali. Mwenyekiti "mwenye ushawishi" amesifiwa, na aliyesema "nimeshawishika" amekubali hoja kwa hiari yake. Ubaya umebaki kwenye kishawishi na vishawishi, basi. Kwa hiyo mstari wako wa "ushawishi wa mikopo ya kausha damu" unasomeka kama kwamba mikopo hiyo inaheshimika mjini. Tena hapo hata kishawishi hakitoshi. Wale jamaa wanawarubuni kinamama: pesa unapewa saa hiyohiyo, riba unaijua siku wanapokuja kubeba televisheni. Kurubuni kuna chambo, na kuna ndoano iliyofichwa. Ndiyo maana habari za watoto waliodanganywa kwa chipsi au lifti ya bodaboda hutumia kurubuniwa. Kushawishi kunaweza kufanyika mchana kweupe, kila kitu kikiwa mezani.

Tamaa ni ya ndani ya mtu. Sanduku likiwa wazi ni kishawishi. Anayelitazama mara mbili ana tamaa. Akichukua, tutasema tamaa imemponza. Ila usiandike "kikundi kisiwe na tamaa" halafu ukurasa unaofuata "msikate tamaa", kwa sababu tamaa ya pili ni matumaini, na mwenye kusoma polepole atakwama. Wengi hudhani kutamani kumezaliwa na tamaa. Kwa Kiarabu ni mizizi miwili tofauti, na ndiyo maana matamanio hayana ile harufu ya ulafi.

Neno lako la ukurasa wa mwisho, "akiingiwa na wasiwasi", nimelipenda lakini litoe. Wewe wa madrasa unasikia mnong'ono wa shetani, ule wa Suratun Nas. Asiyesoma huko anasikia woga tu, na ataelewa kwamba mweka hazina anahofia vibaka.

La mwisho ni ule mfano wa muhtasari wa kikao, "alipitiwa na shetani akatumia fedha". Kwa mdomo tunasemeana hivyo kila siku, ni njia ya kumwachia mtu heshima yake. Kwenye daftari la kikoba haifai. Shetani hana namba ya uanachama, na kupitiwa peke yake ni kusahau au kusinzia. Andika "alikiri kuchukua", kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kurudisha, na sahihi yake.

Nimeziwekea alama ya kalamu nyekundu sentensi zote 11. Nne ziko sawa, zile za wagonjwa na misiba, usizibadilishe. Zilizobaki nitumie tena kabla hujazipeleka kwa mchapaji.

Mwenzio,
Tumaini