Abiria wa meli hanunui sahani, ananunua somo

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa kaskazi, meli za kitalii zinapoanza kuonekana Kilindini na bandari ya Malindi, Unguja, malalamiko huwa yale yale. Wageni wameshuka mia kadhaa, wamepiga picha, wamenunua kanga mbili tatu, na saa saba mchana wote wamerudi melini kula. Wenye mikahawa huwalaumu madereva, madereva huwalaumu mawakala, na safu hii ya barua hubeba lawama za wote. Sisi tunaofundisha upishi huku pwani tunaomba nafasi tuseme jambo moja: mlo wa mchana wa meli hatutaushinda, wala hakuna haja ya kushindana nao. Kinachouzika kwa abiria huyu ni somo la kupika, mradi lifundishwe kama linavyofundishwa kwenye meli zenyewe.

Tuanze na huo mlo. Kwenye meli za hali ya juu kama za kampuni za Oceania na Regent, chakula kimo ndani ya nauli. Mbali na kumbi za chakula cha jioni, zipo sehemu za kula bila kujipamba. Kuna bufe ya sitaha za juu, ambayo Oceania huiita Terrace Café na Regent huiita La Veranda, na kuna grili ya kando ya bwawa ambako mtu huja na kaptula yake akaagiza baga au samaki wa kuchoma. Grili huendelea kuhudumia hadi alasiri, kwa hiyo aliyechelewa mjini hakosi kitu. Nani atatoa pesa mfukoni kwa chakula wakati kingine amekwisha kukilipia na kinamngoja?

Na si pesa tu. Bufe ile humzoesha abiria mambo madogo madogo ambayo akifika mjini macho yake huyatafuta. Kwenye meli hizi mara nyingi mhudumu ndiye anayepakua, mgeni huonyesha tu anachotaka, kwa hiyo mwiko haupiti mikono mia. Mbele ya chakula kuna kioo cha kukinga pumzi na mate. Sinia ni dogo na hubadilishwa kila mara, maana sinia kubwa hupoa pembeni huku katikati bado pana moto, na mpishi akigusa katikati hudanganyika. Chakula cha moto hukaa nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, cha baridi nyuzi 5 au chini yake. Kilichowekwa mezani bila moto wala barafu, kwa utaratibu wa kuhesabu muda, kina saa 4, kisha hutupwa hata kama hakijaguswa. Hizo ni kanuni za mpango wa Marekani wa kukagua usafi wa meli, ulio chini ya CDC, taasisi ya nchi hiyo ya kuzuia magonjwa. Meli inayoingia bandari za Marekani hukaguliwa bila taarifa, kwa alama 100. Ikipata 85 au pungufu imeanguka, na matokeo huwekwa hadharani kila mtu ayaone. Mtu aliyelala wiki mbili kwenye chombo cha namna hiyo, ukimwekea kachumbari iliyokaa juani tangu asubuhi, atakushukuru kwa tabasamu na hataigusa.

Sasa darasa. Meli ya Oceania iitwayo Marina ilipoanza safari mwaka 2011 ilikuwa na chumba kamili cha kufundishia upishi, chenye vituo 24 vya kufanyia kazi. Mwaka 2016 meli ya Seven Seas Explorer ya Regent ikaja na chake cha vituo 18. Kampuni ya Silversea nao, kuanzia meli yao ya Silver Moon mwaka 2021, wakaleta mpango wa S.A.L.T., unaounganisha somo la melini na matembezi ya nchi kavu kwa wapishi na wakulima wa pale meli ilipotia nanga. Mlango wetu uko hapo.

Ndani ya chumba cha darasa, mwalimu hupika mbele huku kamera ikionyesha mikono yake kwenye skrini. Kila hatua hufanywa na wote, kisha hupita ukaguzi wa meza kwa meza kabla ya hatua inayofuata. Viungo vyote vimekwisha kupimwa na kupangwa kwenye vibakuli. Wasaidizi hupita nyuma wakiondoa vyombo vichafu, kwa sababu meza ikijaa mwanafunzi huacha kupika akaanza kupanga. Kwa muda wa saa 2 hivi mtu amepika vitu viwili vitatu na amekula alichopika kwa mkono wake. Kwa Oceania somo hili hulipiwa mbali na nauli, na watu hulilipia.

Linganisha na tunachokifanya sisi. Kwenye ziara nyingi za viungo, mpishi mmoja hukoroga, wageni ishirini husimama wakitazama, mmoja hupewa mwiko kwa muda wa kupigwa picha, kisha wote huketi jamvini kula. Hayo ni maonyesho, na maonyesho yana bei ya maonyesho.

Kabla hatujafika jikoni, onyo kwa wanaotaka kuiga kila kitu: msikimbilie majiko ya induksheni, yale ya kioo yanayopasha chombo kwa nguvu ya sumaku. Meli huyatumia kwa sababu moto wa wazi katikati ya bahari ni hatari kubwa. Nchi kavu sababu hiyo haipo. Isitoshe, sufuria zetu za alumini hazipati moto hata kidogo juu ya jiko hilo, na chungu ndio kabisa. Sumaku isiponata kitako, chombo hicho hakifai. Tumieni gesi kwa wali na mkaa kwa samaki. Mkaa ndio kitu abiria asichoweza kukipata kule sitahani, na harufu yake peke yake hujaza darasa.

Darasa la kuanzia liwe la watu 12, wawili wawili, meza 6, mwalimu mmoja na wasaidizi wawili. Vyakula vitatu vinatosha: wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari. Pilau na biriani waachieni wanaokaa hotelini, maana vinahitaji muda ambao abiria hana.

Kila meza ipewe nazi 2. Hapa ndipo wengi hukwama: mgeni ambaye hajawahi kukalia mbuzi ya kukunia nazi atamaliza nazi moja kwa robo saa au zaidi, na wengi wa abiria hawa ni wazee wenye magoti yasiyopenda kuinama. Basi kila mmoja akune nusu kifuu tu, nyingine ziwe zimekwisha kukunwa muda mfupi kabla ya darasa na zimefunikwa kwenye barafu. Wafundisheni kuacha wanapokaribia ngozi ya kahawia, la sivyo tui litakuwa na rangi ya vumbi. Maji ya kukamulia yawe vuguvugu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo nazi iliyotoka kwenye barafu ikikamuliwa kwa maji baridi hutoa maji meupe tu, na mafuta yote hubaki kwenye chicha. Kikombe 1 cha maji kwa nazi 2 kitatoa tui zito la kikombe 1 na nusu, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Tui jepesi lifuate kwa vikombe 2 vya maji. Kifumbu, kile kikapu cha kukamulia tui, ni kizuri kwa macho, lakini ukili hukaushwa kwa shida na huota ukungu. Kionyesheni, kisha mkamulie kwa kitambaa safi kilichochemshwa.

Kwa mchele kikombe 1, gramu 200 hivi, uliolowekwa nusu saa, wekeni tui jepesi kikombe 1 na robo na chumvi nusu kijiko cha chai. Tui likorogwe kwa upawa, likiinuliwa na kumiminwa, mpaka lichemke; likiachwa limekaa kimya hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Mchele ukikaribia kukauka ndipo linapokuja tui zito nusu kikombe, kifuniko, na moto mdogo dakika 12. Anayeanza na tui zito hupata ukoko mweusi chini na punje ngumu juu, kwa sababu tui lenyewe huungua kabla mchele haujapata maji ya kutosha.

Samaki awe changu wa gramu 700 au 800 kwa kila meza. Tunajua nguru na jodari huuzika kwa wageni, lakini tunasisitiza changu, na sababu si ladha. Nguru na jodari wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini. Mlaji huwashwa, uso humwiva, moyo humwenda mbio, na hakuna moto wa jikoni unaoiondoa sumu hiyo ikishaingia. Changu hana tabia hiyo kwa kiasi hicho, ila naye alale kwenye barafu tangu anaponunuliwa. Apasuliwe mikato mitatu kila upande hadi karibu na mwiba, apakwe chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, na asikae humo zaidi ya dakika 15. Ndimu ikizidi muda, nyama ya juu hugeuka nyeupe kama iliyopikwa, na ikifika kwenye wavu humeguka.

Mkaa uwe umevaa jivu la kijivu. Wavu upashwe moto mtupu dakika 5, kisha ndipo upakwe mafuta. Samaki hunata kwa sababu wavu ulikuwa baridi, na mgeni akimwona amenata humwinua kwa nguvu akavunjika. Aachwe dakika 6 au 7 bila kuguswa. Asipoachia, bado hajawa tayari. Ageuzwe mara moja tu, na kipimajoto cha sindano kando ya mwiba kisome nyuzi 63. Kipimajoto chenyewe kijaribiwe kila asubuhi ndani ya gilasi ya barafu iliyovunjwa na maji kidogo: baada ya dakika 2 kisome 0. Wapeni wageni wasome wenyewe. Hakuna tangazo litakalowatuliza kama namba waliyoiona kwa macho yao.

Mchuzi wa kupaka ni kikombe 1 cha tui zito lililobaki, kitunguu saumu punje 4, tangawizi ya urefu wa sentimita 3, pilipili moja, manjano nusu kijiko cha chai. Moto mdogo, mwiko usitulie, mpaka mchuzi ushike mgongo wa kijiko. Ndimu iingie baada ya sufuria kuepuliwa. Ikiingia mchuzi ukiwa unatokota, tui hukatika palepale, na huo ndio mkasa wa kila darasa, maana mkono wa mgeni wakati huo umekwisha kushika ndimu. Ziwekeni mbali mpaka zamu yake ifike.

Kachumbari huogopwa kuliko vyote. Nyanya na pilipili vioshwe mbele yao kwa maji ya kunywa, vitunguu vikatwe vyembamba, vifikichwe na chumvi, visuuzwe kwa maji hayo hayo, na yote yafanywe mwisho kabisa. Kisu na ubao wa samaki visiguse hapa. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, wakiingia na tena baada ya samaki. Sanitaiza peke yake haitoshi: norovirusi, vile virusi vya kuhara na kutapika ambavyo meli huviogopa kuliko tufani, haviuawi vizuri na spiriti.

Wakala aulize mapema nani hawezi kula nazi, samaki au kitu kingine. Meli huuliza kila mlo, na kutoulizwa humtia abiria wasiwasi.

Saa nayo ina hesabu yake. Kila meli hutangaza saa ya mwisho ya kupanda, kabla ya saa yenyewe ya kung'oa nanga. Matembezi yaliyouzwa na meli yakichelewa, meli kwa kawaida huyangoja. Aliyekuja kwako kivyake hangojwi na mtu. Kwa hiyo panga saa 2 na nusu za darasa na kula, na umalize ukiwa umebakiza muda wa saa 2 nzima kabla ya saa ya mwisho, hasa Mombasa ambako msongamano wa magari hauna ratiba. Pale meli inapotia nanga nje na kushusha watu kwa boti, ongeza nusu saa nyingine.

Kinachobaki mezani kisifungwe. Meli kwa kawaida haziruhusu chakula kibichi wala kilichopikwa nje kupandishwa, na wali uliopoa ni hatari hata ukionekana mzima. Wafungieni viungo vikavu vilivyozibwa vizuri, pamoja na karatasi ya mapishi yenye gramu na mililita badala ya vikombe, kwa kuwa kikombe cha Marekani si kikombe cha Uingereza. Iandikwe humo pia la kufanya kwa mtu asiye na mbuzi: kopo la tui la mililita 400 lisitikiswe, likae kwenye friji usiku kucha, zito lichotwe juu na jepesi libaki chini. Kopo lenye vitu vya kuzuia tui lisikatike kwenye orodha ya viambato halitatengana hata likikaa wiki, kwa hiyo achague lililoandikwa nazi na maji tu.

Walimu wa upishi,
Mombasa