Risala ya klabu ya utangazaji na vichekesho kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Mgeni rasmi, klabu yetu ina maiki moja, ambayo lazima uigonge kwanza ndo iitike, na kipindi cha mahojiano tunachofanya bwaloni kila Ijumaa mchana. Tuliposikia anakuja mtangazaji tukasema leo hatusomi zile za vijana ni taifa la kesho, umeshazisikia mpaka umechoka, tunakusomea habari za Conan O'Brien.

Jamaa ni Mmarekani, mrefu, nywele nyekundu zimesimama kama kishungi cha jogoo. Mwaka 1993 alikuwa mwandishi wa vichekesho tu, kaandikia vipindi vya TV vya Saturday Night Live na katuni ya The Simpsons, sura yake watu hawaijui, mara stesheni ya TV ya NBC wanampa kipindi cha mahojiano na vichekesho cha usiku wa manane alichokiacha mtangazaji David Letterman. Alipondwa sio kidogo. Magazeti yakamchana na stesheni yenyewe ikawa inamwongezea mkataba wiki 13 tu, yaani hebu fikiria mgeni rasmi, unachekesha watu huku hujui kama baada ya miezi mitatu kazi unayo. Akadumu hapo zaidi ya miaka 15!

Juni 2009 akapewa The Tonight Show, kipindi kikubwa zaidi cha usiku cha hiyohiyo NBC, kile kiti alichokalia mtangazaji Johnny Carson miaka 30, kuanzia 1962 mpaka 1992. Hakumaliza hata miezi minane. Wakubwa walitaka kukisogeza kipindi mpaka saa sita na dakika tano usiku ili wampishe Jay Leno, aliyekikalia kiti hicho kabla yake, Conan akagoma, Januari 2010 akaondoka, na kwa makubaliano yao hakuruhusiwa kuonekana kwenye TV miezi kadhaa. Basi akafuga ndevu, akawa anazunguka mji hadi mji anachekesha jukwaani, Novemba akaanza upya na kipindi kwenye stesheni nyingine, TBS, mpaka 2021. Siku hizi ana podikasti, na 2025 ndo alikuwa mshereheshaji wa Oscar.

Ila kilichotushika sisi sio hizo hela na tuzo. Ukiangalia klipu zake, mgeni akiponyokwa na neno jamaa analidaka hapohapo, maswali aliyoandaa anayaacha, na wa kwanza kuchekwa ni yeye mwenyewe. Sisi hapo ndo pagumu. Muhula uliopita tulimhoji mpishi wetu wa shule, mtangazaji alikuwa mimi ninayesoma hapa, nina maswali kumi kwenye karatasi. Mzee akasema, "Kabla ya kuja hapa nilikuwa bondia." Mimi nikamjibu, "Asante, swali la nne, unapenda rangi gani?" Bwalo zima likaangua kicheko, na hicho kicheko hatukukipanga. Mzee akajibu kwa upole kabisa, "Bluu." Mpaka leo hatujajua alipigana na nani.

Maombi yetu mgeni rasmi ni mafupi. Maiki ya pili hatutaikataa, lakini kubwa tunaomba dakika kumi zako tukuhoji sasa hivi mbele ya watu, na karatasi ya maswali nimeshampa mwalimu aifiche. Kiti ni kile pale chenye kitambaa, mguu mmoja unacheza, kwa hiyo ukikaa tafadhali usiegemee kushoto.