Shemeji, ukiwapeleka vijana Mtera, beba ndoo

Shemeji,

Salamu kwako na kwa wote hapo Dodoma. Umetuuliza uwapeleke wapi vijana wikiendi moja: matembezi mepesi, kijijini na milimani, wajionee umeme wa maji unatoka wapi. Tumeona tukujibu hadharani, maana si wewe peke yako unayeuliza.

Nendeni bwawa la Mtera, kisha mlale upande wa milima ya Kibakwe. Jumamosi bwawa, Jumapili kijito. Bwawa peke yake litawashangaza tu vijana. Kijito ndicho kitakachowafanya waelewe walichokiona jana.

Mtera iko karibu nusu ya njia ya kwenda Iringa, lami tupu, mkipitia Fufu na Chipogolo. Ondokeni saa 11 alfajiri. Bonde lile liko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100, na tofauti hiyo mtaisikia mwilini ikifika saa 4. Oktoba na Novemba jua la huko halina mchezo: maji lita 3 kwa kila mtu, kofia, na viatu vilivyofunika vidole, kwa ajili ya miiba.

Mkifika, pita kwanza ofisi ya kijiji, umwone mtendaji na uombe mwenyeji wa kuwaongoza. Si adabu tu. Bwawani kuna mamba na viboko, na mwenyeji ndiye anayejua ufukwe upi haukanyagwi. Vijana wasikae karibu na maji, hata pale wanapoona wavuvi wamekaa. Tuta lenyewe ndilo linalobeba barabara, nalo lina ulinzi: msisimame juu yake wala kupiga picha kabla ya kuuliza. Mitambo iko chini ya ardhi, kwa hiyo ukitaka waingie ndani, iandikie TANESCO barua wiki kadhaa kabla, yenye majina na idadi yenu. Msipopata nafasi, msisononeke. Jambo kubwa la Mtera liko nje.

Jambo lenyewe ni hili: Mtera ilijengwa iwe ghala kwanza, umeme wake ukaja baadaye. Kidatu, mtambo wa umeme wa maji ulioko kilomita 170 hivi chini ya mto, ilianza kuzalisha mwaka 1975. Lakini mto Ruaha Mkuu hujaa masika na kukonda kiangazi, na mtambo hauwezi kungoja mvua. Ndipo likajengwa tuta la Mtera, kukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kizigo, yaachiwe kidogo kidogo. Kidatu ikapanuliwa mwaka 1980, sasa ina megawati 204. Mtambo wa Mtera wenyewe, mashine 2 za megawati 40 kila moja, ulianza mwaka 1988. Waambie vijana kwamba Kizigo unatokea huku kwetu katikati ya nchi: mvua ya upande wa Manyoni nayo imo katika maji yale.

Mwombe mwenyeji awapeleke kwenye kilima kinachotazama bwawa, mwendo wa saa moja usio na haraka. Hapo watazame miti iliyokufa imesimama majini, na alama ya rangi kwenye mawe ya ukingo. Bwawa likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini kinachoruhusiwa kuendesha mitambo ni mita 690. Yaani ghala lote la kazi ni mita 8.5, urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, ila limetandazwa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600. Mwaka 2006 maji yalishuka chini ya 690, na nchi nzima ikaonja mgao wa umeme.

Fanyeni hesabu papo hapo. Mita 1 ya juu kabisa ni maji mita za ujazo milioni 600. Kidatu ikifanya kazi kwa nguvu zote hunywa kama mita za ujazo 130 kila sekunde. Gawanya: sekunde milioni 4.6, siku 50 na kidogo. Sasa geuza upande wa pili. Katika joto lile, jua hunyonya karibu mita 2 za maji kila mwaka. Bwawa likiwa limejaa, maji yanayopaa hewani yangeiendesha Kidatu zaidi ya miezi mitatu. Ndiyo gharama ya ghala pana lisilo na kina. Kwa maoni yetu hili ndilo somo zito kuliko yote pale, na halimo kwenye bango lolote.

Halafu toa ndoo ya lita 20, mshikishe kijana mmoja. Kidatu maji huanguka karibu mita 175. Ndoo ile ikianguka kimo hicho na kupita kwenye mashine, huwasha taa ya wati 9 kwa dakika 55 hivi. Ndoo moja, taa moja, karibu saa nzima. Mwache aishike mpaka mkono umchoke.

Mchana kuleni perege au kambale na ugali kijijini, kisha rudini Chipogolo mchepuke kuelekea Rudi na Kibakwe. Barabara ile ni ya vumbi. Masika msithubutu na gari dogo.

Jumapili mtafute kijito cha mlimani kisichokauka, mkiongozwa tena na mwenyeji. Beba kamba ya mita 10, futi kamba, mambo za mbao (vigingi), chupa ndogo ya plastiki, daftari, na mpira mweupe unaoonyesha ndani, wa mita 15, ule ambao mafundi waashi hujaza maji kusawazisha msingi.

Kupima wingi wa maji: chagua mahali mto umenyooka mita 10, chomeka mambo pande mbili. Pima upana. Pima kina mara 5 toka ukingo hadi ukingo, tafuta wastani. Jaza chupa maji nusu ili izame kidogo, iachie juu kidogo ya mambo ya kwanza, hesabu sekunde toka mambo ya kwanza hadi ya pili. Rudia mara 5. Usitumie jani, upepo utakudanganya. Tuseme upana ni mita 1.2, kina mita 0.15, sekunde 20. Maji yanakwenda nusu mita kwa sekunde juu, lakini chini mawe huyachelewesha, kwa hiyo zidisha kwa 0.7. Utapata lita 63 kwa sekunde.

Kupima kimo msitegemee simu, inaweza kukosea mita 10 na zaidi. Jaza mpira maji, utoe mapovu yote ya hewa. Povu moja likibaki kipimo chote kimeharibika, na hapa ndipo wengi hukosea. Mmoja ashike ncha ya juu, mwingine ya chini. Maji yatakaa usawa mmoja pande zote mbili. Ikiwa upande wa juu maji yako sentimita 20 toka ardhini, na upande wa chini yako 165, kimo ni sentimita 145. Sogeeni, mrudie, mjumlishe.

Kwa mtambo mdogo wa kijiji, zidisha lita kwa sekunde, mara mita za kimo, mara 6. Lita 63 kwa mita 20 ni wati 7,560. Taa zinapatikana tele, ila mashine ya kusaga itahema. Hapo warudishe kwenye ndoo: kimo cha mita 20, ndoo ile ile huwasha taa dakika 4 tu.

Kisha watembee kandokando ya kijito wakijichorea mtambo. Banio, ukuta mdogo wa kuchepusha maji, liwe hapa, chujio la nondo mbele yake. Mfereji ufuate kontua ya mlima, yaani uzunguke ubavuni kwa usawa karibu mmoja, ukiteremka taratibu. Mwisho wa mfereji tangi la kutuliza mchanga, maana mchanga ukiingia kwenye bomba huyala mapanga ya gurudumu kama msasa. Toka tangini bomba lishuke moja kwa moja mpaka nyumba ya mashine. Juu ya bomba, pale linapoanzia, pawe na kijibomba cha kupumulia: majani yakiziba mdomo huku maji yakiendelea kushuka, bomba la plastiki lisilo na pumzi hujikunja na kubonyea. Na valvu ya chini ifungwe polepole, kwa kuhesabu hadi 60. Ukiifunga ghafla, maji yote yaliyokuwa mbioni hupiga bomba kama nyundo.

Mtambo mdogo ukifa, mara nyingi chanzo ni kipimo cha Machi. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, na anayepima katikati ya masika hununua mashine kubwa ambayo ikifika Oktoba haipati maji. Chanzo kingine ni maji kuchepushwa juu ya banio kwenda kwenye vitunguu na mahindi. Wenye mashamba hawana kosa kama hakuna aliyekaa nao mapema kugawana saa, usiku mtambo, mchana bustani. Vijana wamuulize mwenyeji kijito kile kinagawanywaje, watajifunza mengi.

Kwa hiyo shemeji, panga safari ya mwishoni mwa Oktoba, joto mlivumilie. Mkishapima, tuandikie namba zote hata kama zinaonekana mbaya: upana, vina vitano, sekunde tano, kimo, na tarehe.