Mchanga wa Shela si kiwanja kitupu

Mhariri,

Kiangazi kikifika hapa Lamu, maneno ya barazani huwa yale yale: mfereji umekauka, bei ya dumu imepanda, pampu imeharibika tena. Naomba nafasi kidogo nizungumzie mchanga.

Kisiwa chetu hakina mto. Maji baridi ya mjini hutoka chini ya matuta ya Shela, yale ambayo mgeni huyapiga picha akidhani ni jangwa. Mvua ya masika ikinyesha, mchanga huinywa taratibu, na maji hayo hushuka hadi kuelea juu ya maji ya bahari, maana ya chumvi ni mazito zaidi. Wataalamu wana hesabu yake: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo pana kama mita 40 nyingine. Basi igeuzeni hesabu hiyo. Tukivuta mno, kina kikapungua mita moja tu juu, kule chini chumvi hujongea juu mita 40. Haitokei kwa siku moja, lakini ikishaingia, kuitoa ni kazi ya miaka.

Nyumbani kwetu Langoni kuna kisima alichokichimba babu yake babu. Utotoni tulikinywa. Leo tunaoshea sakafu, na sabuni yenyewe haitoi povu. Lawama si ya bahari peke yake: nyumba za mji wa kale zimebanana, na mashimo ya vyoo yako hatua chache kutoka visimani. Wazee wetu walikuwa na tahadhari zao. Kwenye birika la msalani, lile tangi la kuwekea maji ya kuogea, walifuga visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini wakajengea bakuli la kauri ili maji yakipungua visamaki visife. Watu waliomfikiria hata samaki wa birikani!

Sasa tunajenga juu ya tangi letu wenyewe. Matuta yalishatangazwa rasmi kuwa eneo la kulindwa, lakini mchanga unazolewa na kuta zinapanda. Kila jumba la kifahari linataka kisima chake, shimo lake la maji machafu na bwawa lake la kuogelea. Sisemi wageni wasije. Ndugu zangu wawili wanakula kwa kazi za nyumba hizo. Nasema wajenge pengine. Na wanaotwambia tutasafisha maji ya bahari watwambie pia nani atalipa umeme wa mitambo hiyo, mwenye hoteli au mama muuza mahamri?

Kwa serikali ya kaunti nina ombi moja: mipaka ya matuta ipimwe upya, mawe yasimikwe mahali pa kuonekana, na orodha ya visima vyenye kibali ibandikwe hadharani, pale uwanja wa Mkunguni, kila mtu aisome.

Jumapili iliyopita nilipanda matuta baada ya alasiri kutafuta mawe hayo ya mpaka. Nililiona moja tu. Limebaki ndani ya ua wa nyumba mpya, na juu yake palikuwa pameanikwa taulo.

Mkazi wa Langoni,
Lamu